Tulimhamisha Malisho

Mjukuu wangu ana mashavu kama mandazi yaliyofura vizuri, na nikimbeba sokoni watu husema mashallah kabla hawajanisalimia mimi. Nalisema hili mwanzo ili msomaji asikae roho juu. Mtoto yuko, anatembea, ana meno ya mbele na anauma. Lakini kuna miezi alikuwa mwembamba kama kijiti cha mswaki, na humu nyumbani kwangu Galbet, mtaa wa Garissa, wanawake wawili wazima, mimi na mama wa mume wa binti yangu, tulikaribia kuvutana nywele kwa sababu ya titi la mama yake.

Mimi ni muuza maziwa. Niliuza nikiwa na mimba, nikauza nikiwa mjane, na bado nauza. Kiswahili changu nilikiokota pale sokoni kwa walimu, askari na makarani waliokuja kununua, maana shule niliiona kidogo tu, kama mtu anayechungulia dirishani. Vibuyu vyangu nafukiza mwenyewe kwa makaa, na ukifungua kimoja utajua ni cha nani hata ukiwa umefumba macho. Kwetu maziwa ndiyo chakula, hivyo vingine vinasindikiza. Mgeni anapewa maziwa, mgonjwa anapewa maziwa, na mzazi ndiyo usiseme.

Kwa hiyo binti yangu wa mwisho alipojifungua na kuja kwangu kukaa arobaini yake, nilimkalisha kitandani nikamlisha. Mume wake huendesha lori la maji huko Dadaab, nyumbani anapita tu kama upepo. Mwenye kazi nilikuwa mimi. Asubuhi uji wa maziwa, baadaye kikombe cha maziwa moto na samli ikielea juu, mchana wali na maziwa tena, na chai katikati ya kila kitu. Akisema ameshiba namwambia, "Kunywa. Mtoto ananyonya kwako, hanyonyi kwangu." Alikunywa. Mtoto mwenyewe msichana, mzito, akilia unadhani anagombana na mtu kuhusu mpaka wa shamba.

Wiki za kwanza alikuwa sawa. Halafu akaanza kujikunja. Anashika titi, ananyonya kidogo, anatupa kichwa nyuma, mgongo unapinda kama upinde, analia. Analitaka tena, analikataa tena. Kucheua kwake hakukuwa kule kwa kawaida kwa watoto, alikuwa anatapika mpaka bega langu linalowa na nguo inabadilishwa. Mashavu yakawa mekundu na makavu, ukiyagusa ni kama ulimi wa paka. Kisha choo. Mimi nimeosha nepi za watoto wangu na za wajukuu kabla ya huyu, choo cha mtoto nakisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Hiki kilikuwa na makamasi, na siku moja ndani ya makamasi nikaona nyuzi nyekundu. Nikaipeleka nepi mlangoni kwenye mwanga. Damu.

Majirani wakaleta maneno. Mmoja akasema ni jicho, kwa sababu namsifu mjukuu wangu mbele za watu. Nikamwambia nitazidi kumsifu. Mwingine akaja na wazo la kumchoma mtoto tumboni kwa kijiti cha moto, kama alivyochomwa yeye alipokuwa mdogo, na akafunua tumbo lake kutuonyesha alama.

"Lifunike, abaayo," nikamwambia. "Hapa hakuna anayechomwa."

Abaayo ni dada kwa lugha yetu, na unaweza kulisema kwa upole au kwa meno. Siku hiyo nililisema kwa meno.

Tukaenda hospitali. Daktari wa watoto alikuwa mwanamke kijana aliyetoka Kenya. Sisi hapa Garissa tunasema hivyo, fulani ametoka Kenya, kama vile sisi tuko nchi nyingine, na wao hushangaa mwanzoni kisha huzoea. Nilikuwa nimebeba nepi ndani ya kopo lenye kifuniko. Aliifungua na kuiangalia bila kukunja uso, na hapo nikampenda. Akambonyeza mtoto tumbo, akatazama ngozi, akamweka kwenye mizani. Halafu akamgeukia binti yangu.

"Na wewe unakula nini?"

Binti akaniangalia. Nikajibu mimi. "Anakula vizuri. Maziwa anakunywa mpaka yanataka kumtoka masikioni."

"Ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe wa kweli, daktari. Si ya pakiti."

Akaweka kalamu chini. Akasema anavyoona, tumbo la huyu mtoto linayakataa maziwa ya ng'ombe. Wao huita aleji. Haiambukizi na haitokani na uchafu. Mwili wa mtoto unayapokea maziwa kama adui ameingia, utumbo unachubuka na kutoa damu kidogo.

"Huyu hajaonja maziwa ya ng'ombe hata tone," nikasema. "Ananyonya tu."

"Lakini mama yake anayanywa. Kitu kidogo kutoka kwenye yale maziwa kinapita mwilini mwake mpaka kwa titi."

"Kwa hivyo binti yangu ni bomba?"

Akacheka. "Si bomba, ayeyo. Lakini kinapita." Ayeyo ni nyanya. Alikuwa amejifunza kulisema, na alilisema vizuri.

Akaeleza masharti. Binti aache maziwa na kila kitu kilichotoka kwa maziwa, ya ng'ombe na ya mbuzi pia kwa sababu yanafanana sana, na tusitegemee kuona mabadiliko kesho yake. Akaandikiwa tembe za kulinda mifupa. Nikauliza, na ya ngamia? Akasema hayo nayo yangoje, tumbo lipoe kwanza. Mtoto mwenyewe asipewe kitu kingine mdomoni, anyonye tu. Hilo alilirudia akinitazama mimi: asiachishwe titi. Wengi wa watoto hawa, akasema, shida hii huwaacha wakikua.

Tukirudi nilitembea mbele yao. Sikumkasirikia daktari. Ila maziwa yangu yamelea watu mtaa mzima, baadhi yao leo wana ndevu, halafu mtu mmoja mdogo, damu yangu mwenyewe, anayatema. Nilihisi kama aliyeingiliwa msikitini na viatu.

Binti aliacha, nilimwona kwa macho yangu. Kikombe chake cha asubuhi alikigeuza kifudifudi kwenye rafu na hakukigusa tena. Lakini mtoto hakubadilika. Damu ilipotea, ikarudi. Uzito ulikataa kupanda. Binti naye akaanza kukonda, na kila mtoto akililia titi nilimwona anasita kabla ya kumnyanyua, kama mtu anayeogopa kugusa sufuria ya moto.

Hapo ndipo akatua mama wa mume wake kutoka Hulugho. Huyu ni mwanamke wa mifugo, mrefu, mkavu, mikono yake kama kamba ya kisima. Alishuka kwenye gari na mbuzi wa maziwa, na chombo kikubwa cha nyirinyiri kimefungwa kwa kitambaa. Nyirinyiri ni nyama inayokatwa vipande vidogo kama njugu, ikaanikwa, ikakaangwa, ikazamishwa ndani ya samli ili ikae miezi bila kuharibika. Mwanamke aliyezaa akiletewa nyirinyiri na mama mkwe wake, ameheshimiwa. Niliipokea kwa mikono miwili.

Alimfungua mtoto nguo na kumtazama mbavu. Hakusema mashallah.

"Huyu anakufa njaa na titi liko mdomoni," akasema. "Maziwa ya mama yake ni mabaya. Mtoeni titi. Mimi nimekuja na mbuzi, nitampa ya mbuzi na maji kidogo. Nimelea hivyo wawili waliofiwa na mama."

Binti yangu alivuta mtandio ukafika puani.

"Daktari amesema asiachishwe," nikasema.

"Huyo daktari amezaa?"

"Sijamuuliza."

"Na hiyo dawa yake ya kuacha maziwa imefanya nini? Mtazame mtoto."

Kisha akampigia mwanawe simu, spika wazi ili tusikie sote. Kutoka Dadaab, injini ikinguruma, mwanawe akasema, "Hoyo, wewe ndiye unayejua." Hoyo ni mama. Mwanamume akiwa kwenye usukani hukubaliana na yeyote aliye kwenye simu, ili apate kuendesha.

Mama yake, huyu mkwe wangu wa Hulugho, akasema ataanza kesho asubuhi. Na mtoto kweli alikuwa vile alivyosema. Nilichojua ni hiki: titi likikauka kulirudisha ni kazi, na daktari alisema mbuzi na ng'ombe kwa tumbo la huyu mtoto ni kitu kimoja. Tukimtoa kwa mama na tumbo likayakataa ya mbuzi, atabaki na nini? Maji?

Asubuhi nilimkuta uani anamkamua mbuzi wake. Nikavuta kigoda nikaketi karibu.

"Mbuzi mzuri," nikasema.

"Huyu? Huyu ni malkia."

"Hajawahi kukusumbua?"

"Mara moja, wakati wa ukame. Alikula kichaka kibaya kule upande wa mpaka. Watoto wake wakaharisha mpaka mikia ikaganda. Maziwa yalikuwa machungu, hata wewe ungeyatema."

"Ukamkausha?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua hutoka kusini. "Nimkaushe kwa nini? Nilimhamisha malisho."

"Na maziwa?"

"Yakarudi. Maziwa ni kile mnyama alichokula, wewe muuza maziwa hujui? Ngamia akila majani ya chumvi, chumvi unaionja kwenye kikombe."

"Najua. Ndiyo maana nauliza. Mbuzi wako ulimhamisha malisho, binti yangu unataka kumkausha."

Mkono wake ukasimama kwenye chuchu ya mbuzi. "Unamlinganisha binti yako na mbuzi wangu?"

"Kwa sasa mbuzi wako ndiye anayeheshimiwa zaidi."

Alicheka kupitia puani, kicheko kifupi, kama hakutaka nikisikie. Akaendelea kukamua kidogo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Lakini huyo wako amehamishwa tayari na mtoto bado anatoa damu. Mnyama akihamishwa na ndama bado anaharisha, ujue anatoroka. Kuna mahali anarudi kwenye kile kichaka."

Akasimama na kopo lake la maziwa, akaingia chumbani kwa binti yangu. Nikamfuata. Binti alikuwa ameketi kitandani, mtoto begani.

"Tangu jana umekula nini?" akamuuliza.

"Anjera. Wali. Nyama. Chai."

"Chai gani?"

"Chai ya kawaida, hoyo."

Sasa chai ya kawaida ya nyumba za kwetu ni maji nusu na maziwa nusu, na siku ya neema maji huyaoni. Mkwe wangu akanitazama. Mimi nikatazama birika, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelileta pale asubuhi hiyo, limejaa.

"Si uliambiwa uache maziwa?"

"Nimeacha. Sijagusa maziwa tangu tutoke hospitali. Hiyo ni chai."

"Hiyo chai weupe wake umetoka wapi, mawinguni?"

Hakuna mtu kwetu ambaye angeiita chai maziwa. Maziwa ni yale unayomimina kutoka kwenye kibuyu ukayanywa ukiyaita maziwa. Chai ni chai. Ukiambiwa usile nyama huulizi kuhusu viatu vya ngozi.

"Na hiyo mikate ya anjera inapakwa nini?" mkwe wangu akaendelea, sasa ameketi kabisa kitandani, anafurahia.

"Samli kidogo," binti akasema.

"Samli ni mafuta," nikasema mimi.

"Mafuta ya nini, abaayo? Ya taa?"

Binti ndiye aliyeanza kucheka, huku machozi yakimtoka, na mtoto begani akarukaruka kwa kile kicheko. Sote tukacheka. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu kile chombo cha nyirinyiri kilikuwa pale pale chini ya dirisha, kitambaa kimefunguliwa, na sote watatu tulikuwa tumekiona. Nyama yote ile imelala ndani ya samli. Binti hangeweza kusema. Aliyeileta hangetaka kusema. Nilibaki mimi.

"Basi na nyirinyiri yako pia," nikasema.

Uso wake ulifunga kama duka wakati wa sala.

"Nyama hiyo niliikata mwenyewe," akasema. "Mgongo bado unaniuma. Nimewapelekea wake wa wanangu wote na hakuna aliyewahi kunirudishia."

"Sikurudishii. Tutaila mimi na wewe. Yeye tu asiile."

Akatoka. Akaketi uani karibu na mbuzi wake, mgongo kwetu. Nikafikiri anahesabu jinsi atakavyorudi Hulugho na kila atakalosema akifika. Sikumfuata. Nilichukua birika nikamwaga chai, na nilipika nyingine ya rangi, tangawizi na hiliki na sukari ya kutosha. Binti alionja akakunja uso kama aliyelamba jiwe.

"Hii ni dawa ya kikohozi," akasema.

"Ni malisho mapya. Kunywa."

Karibu na adhuhuri mkwe wangu akajifunga shungi akatoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na nyama ya ngamia na kipande kikubwa cha nundu, vimefungwa kwa karatasi, damu imelowa kiganjani. Akaviweka mbele yangu.

"Toa sufuria ambayo haijaguswa na samli."

"Katika nyumba hii? Hakuna."

"Basi sugua."

Nikasugua kwa mchanga na sabuni mpaka nikaona uso wangu. Yeye alikata nyama, vile vipande vidogo vidogo, mgongo unaouma na kila kitu, akaianika kwenye kamba ya nguo, na kwa siku kadhaa madera yetu yakaanikwa kwa jirani. Ilipokauka aliyeyusha ile nundu. Mafuta yakatoka safi, ya manjano, mengi.

"Haya hayajapita kwenye kiwele," akasema, akitumbukiza nyama. "Yametoka mgongoni. Mwambie daktari wako aje ayakague."

Ilikuwa nyirinyiri nzuri. Nasema kwa haki, ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, ingawa ile ya kwanza nilimsaidia kuila na sikumwambia hivyo.

Mbuzi alikamuliwa kila siku na maziwa nikayauza pamoja na yangu. Habari ya kumpa mtoto haikutajwa tena, wala haikufutwa. Mkwe wangu alikuwa anangoja kuona, na mimi pia. Lakini wakati akingoja alimchunga binti yangu kama anavyochunga zizi. Mgeni mmoja alikuja kumtazama mtoto na pakiti ya biskuti, binti akachukua moja akiwa anaongea. Mkwe wangu aliinyakua ikiwa imeshafika kwenye midomo.

"Ina maziwa?" akamuuliza mgeni.

"Sijui, habaryar," akasema, yaani mama mdogo. "Ni biskuti tu."

"Na chai ilikuwa chai tu," akasema, akampa mbuzi biskuti.

Damu ndiyo iliyoondoka kwanza. Haikuondoka kwa kishindo. Siku moja niliangalia nepi nikakuta makamasi matupu, nikaikunja nepi, sikutaka kuishtua bahati. Kisha makamasi yakapungua. Matapishi yakarudi kuwa kucheua, kitone kwenye kona ya mdomo. Kisha asubuhi moja nikamkuta mtoto ananyonya akiwa amelegea mwili mzima, mkono mmoja umefunguka juu ya kifua cha mama yake, kichwa hakitupwi, mgongo haupindi. Binti alikuwa amefumba macho. Nilirudi nyuma nikavuta pazia, na nilipogeuka nikamkuta mkwe wangu nyuma yangu, ananyoosha shingo.

"Amenyamaza?" akanong'ona.

"Anakula."

Siku ya kliniki mkwe wangu alisema mtoto atambeba yeye. Benchi lilikuwa limejaa, wanawake wa kila namna, wengine wametoka mbali na vumbi bado liko kwenye nyusi. Muuguzi akamtundika mtoto kwenye mizani, ile yenye kisuruali cha kitambaa, na mtoto akaning'inia pale akitupa miguu, na mimi nikaona mapaja yake yamejaza kile kitambaa ambacho mwanzo kilikuwa kinamlegea. Mshale ulipita pale tulipopazoea, ukasonga mbele. Daktari aliitwa akaja kuona. Akatabasamu, akatuambia tuendelee hivyo hivyo, na mtoto akifika kama mwaka tutajaribu maziwa kidogo yaliyookwa ndani ya mkate, yeye akisimamia, na tumbo likikataa tutarudi nyuma tungoje tena, hakuna haraka.

"Kazi nzuri," muuguzi akasema. "Mnampa nini huyu?"

Mkwe wangu hakumngoja binti ajibu.

"Titi la mama yake," akasema, kwa ile sauti ya kuita mifugo, benchi zima likageuka. "Titi tupu. Hana kingine anachokula. Maziwa ya mama yake ni mazuri sana."

Binti yangu akashusha mtandio. Sikumtazama usoni, nilimwacha. Nilimpokea mtoto, nikamvisha, na watu wakasema mashallah, na safari hii mkwe wangu alikuwa wa kwanza.

Neno la kuomba radhi hakulisema, wala hatukulingoja. Nje ya geti kulikuwa na mtu anauza matikiti maji kwenye mkokoteni. Mkwe wangu akayagonga moja moja kwa kidole, akayakataa matatu, akachagua la nne, akasimamia likikatwa. Kipande kikubwa chenye moyo wake mwekundu akampa binti.

"Kula."

Binti akakishika, akamtazama kwa pembe ya jicho. "Hoyo, hili limelishwa wapi?"

"Kando ya mto," akasema mkwe wangu, uso umekaza. "Nimemuuliza mwenyewe. Kula, usinichezee."

Mtoto akaanza kulalamika. Binti akaketi kwenye ukingo wa saruji, akamfunika kwa mtandio na kumpa titi, mkono mwingine umeshika tikiti, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Jua lilikuwa limepanda. Mkwe wangu akasogea akasimama mbele yao, akatandaza shungi lake kwa mikono miwili, na kivuli kikawafunika wote wawili mpaka mtoto aliposhiba.